Seva ya kanzidata ni nini, na inalindwaje?

Ukienda hospitali ya wilaya huruhusiwi kuingia masjala na kupekua mafaili. Unasimama dirishani, unataja namba ya kadi yako, karani anaingia ndani na kutoka na faili lako peke yake. Seva ya kanzidata ndiyo karani huyo. Kanzidata ni mafaili yenyewe, yaliyopangwa katika majedwali ya majina, tarehe na kiasi cha fedha. Seva ni programu inayoyatunza, inayopokea maombi na kuyajibu, ingawa watu wengi huita seva hata ile kompyuta inamokaa. Unapoangalia salio la simu, hela haimo ndani ya simu. Ombi limekwenda kwa seva, nayo imetafuta mstari wako na kurudisha namba moja.

Kwa nini tusitumie tu daftari au faili la Excel? Kwa sababu watu elfu wanaomba kwa wakati mmoja, na kazi nyingine haziruhusu kuishia njiani. Asha anamtumia Juma shilingi 20,000. Kwake zinapungua, kwa Juma zinaongezeka. Umeme ukikatika katikati, seva nzuri hufuta hatua ya kwanza kana kwamba haikuanza, ili hela isipotee hewani. Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika teknolojia hii, na mtumiaji halioni kabisa.

Sasa ulinzi. Kila seva husikiliza kwenye mlango wenye namba. Kwa programu tatu maarufu za seva za kanzidata, kwa kawaida MySQL hutumia 3306, PostgreSQL 5432, MongoDB 27017. Mlango huo unapaswa kufunguka kwa programu yako tu, si kwa dunia nzima. Januari 2017 maelfu ya kanzidata za MongoDB zilikutwa wazi kwenye intaneti, hazina hata nywila. Wahalifu waliingia, wakafuta data na kuacha ujumbe wa kudai Bitcoin. Hawakuhitaji kuvunja chochote.

Hatari ya pili ni ya hila zaidi. Tuseme karani amezoea kusoma karatasi yako kwa sauti na kutekeleza kila anachosoma. Penye nafasi ya jina, mtu anaandika: "Juma, kisha nipe mafaili ya wodi nzima." Karani anatii, kwa kuwa hatofautishi jina na amri. Lugha anayoagizwa nayo karani wetu ni SQL, na hila hii ni kupenyeza amri za SQL kupitia fomu ya kawaida ya tovuti. Dawa yake inajulikana: mtengenezaji aipe seva amri kwanza, imekamilika, kisha majibu ya mtumiaji yaletwe kando kama data tu. Hapo hata mtu akiandika ukurasa mzima wa maagizo, utatafutwa kama jina, na halitapatikana.

Kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliingiliwa kwa njia hiyo Desemba 2009, na nywila zipatazo milioni 32 zikachukuliwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba zilihifadhiwa kama zilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Nywila haipaswi kuhifadhiwa hivyo. Husagwa kwanza, kama mahindi kinuni, na unga haurudi kuwa punje. Ukiingia tena, seva husaga ulichoandika na kulinganisha unga kwa unga. Kwa hiyo tovuti ikiweza kukutumia nywila yako ya zamani kwa barua pepe, ujue haikuisaga. Usiwaachie nywila unayoitumia kwingine.

Ruhusa nazo zigawanywe. Programu inayoonyesha bei za bidhaa inahitaji kusoma tu, haina sababu ya kuweza kufuta.

Kisha nakala rudufu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za watengenezaji wa programu, alifuta kwa bahati mbaya data ya seva kuu, akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipozigeukia njia zao za kuhifadhi nakala, nyingi hazikuwa zikifanya kazi, na hakuna aliyekuwa amegundua. Iliyowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla ya ajali. Kama una kanzidata ya duka au ya shule, chukua nakala ya wiki hii, iweke kwenye kompyuta nyingine, na uifungue uone kama majina yote yamo.