Mimba ikitoka, hatukudai PF3

Alishushwa kwenye bodaboda saa nane usiku, amebanwa katikati ya dereva na shangazi yake. Kanga tatu kiunoni, zote zimelowa. Walikuwa wametoka kijijini huko Tandahimba, mwendo wa saa nzima kwenye mchanga. Nilipomfunua jicho, ndani kulikuwa kweupe. Harufu ilishanieleza mengine.

"Siku ya ngapi hii?"

"Ya tano, sista."

"Mbona mmekaa nyumbani siku zote hizo?"

Shangazi akajibu huku anatazama sakafu: "Hatukuwa na karatasi ya polisi."

Nimekuwa mkunga miaka 16 mkoani Mtwara, na hiyo karatasi ya polisi nimeisikia kwa wake wa wavuvi wa Mikindani, kwa wanafunzi, hata kwa mwalimu mmoja aliyekuja kutoka upande wa Lindi. Sasa naiandika ili anayesoma amsomee na jirani yake.

Karatasi hiyo ni PF3, fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa: kipigo, ajali, ukatili. Mwanamke ambaye mimba yake imetoka na bado anavuja damu haihitaji ili atibiwe. Hahitaji barua ya mwenyekiti wa kijiji, wala mume wa kumsindikiza. Watu wanachanganya mambo mawili. Kanuni ya Adhabu, sheria yetu ya makosa ya jinai, inamtia hatiani anayemtoa mwenzake mimba kinyume cha sheria, kifungo hadi miaka 14. Mwanamke anayejitoa mwenyewe, hadi miaka 7. Na anayempa dawa au kifaa akijua ni cha kazi hiyo, hadi miaka 3. Vifungu hivyo havimgusi anayemtibu mama baada ya mimba kutoka, wala havimtumi muuguzi kituo cha polisi. Kumtibu ni kazi yetu ya kila siku, ina mwongozo wake na vifaa vyake.

Na kuchelewa ndiko kunakoua. Mabaki ya mimba yakibaki ndani, mji wa mimba haukazi vizuri, na usipokaza mishipa haifungi, damu inaendelea kutoka. Mabaki hayo hayo yanaoza, vijidudu vinaingia kwenye damu. Mama aliyewahi siku ya kwanza, mimba ikiwa changa, mara nyingi humalizana nami kwa vidonge vya misoprostoli au kwa kunyonywa mabaki kwa bomba la mkono, kazi ya dakika chache, na huenda akalala kwake siku hiyo hiyo. Yule wa siku ya tano alihitaji chupa mbili za damu, antibayotiki za mshipani na siku sita kitandani. Ukilowesha pedi mbili ndani ya saa moja, ukapata homa, kizunguzungu au uchafu unaonuka, usisubiri kukuche.

Jambo moja nakuomba: kama ulimeza kitu au uliingiziwa kitu, niambie. Sikuulizi ili nikuhukumu. Kijiti cha mti kikiingizwa kinaweza kutoboa mji wa mimba na hata utumbo, na nisipojua nitatibu damu huku tumbo linajaa usaha.

Hapa nawageukia na wenzangu. Kwenye faili tunaandika "aboshen", na kwa lugha yetu neno hilo ni mimba yoyote iliyotoka kabla ya wiki 28, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Kisha muuguzi anasimama katikati ya wodi na kupaza sauti: "Yule wa aboshen yuko wapi?" Wodi nzima inageuka. Mama aliyekuwa akimlilia mtoto wake sasa anaitwa mchoropoaji. Katika kila mimba 100 zilizothibitishwa, kama 10 hadi 15 hutoka zenyewe, mara nyingi kwa sababu kromosomu, vibeba urithi wa mtoto, zilikosewa tangu mwanzo. Si ndoo ya maji, si kupanda mkorosho, si kurogwa na mke mwenza. Semeni "mimba imetoka". Inatosha, na matibabu ni yale yale.

Lugha inawakwamisha hata wanaotetea haki ya kutoa mimba. Mimi nasimama upande wao, bila kificho. Lakini nimekaa kwenye semina ambapo mgeni anasema "usitishaji wa ujauzito" na "haki za afya ya uzazi" asubuhi nzima, kina mama wanaitikia kwa vichwa, na tukitoka nje wananiuliza, "Sista, alikuwa anasema nini?" Haki isiyotamkika mbele ya bibi haitamfikia binti aliyetoka unyago juzi. Mwambieni kwa maneno yake: ukibakwa, au mimba ikitishia uhai wako, una la kudai. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, na kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi ziruhusu mimba itolewe kitabibu kwa aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, au ambaye afya au uhai wake uko hatarini. Kanuni ya Adhabu haijafika huko. Inamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama. Kwa hiyo anayesema "imekatazwa kabisa" amekosea, na anayesema "siku hizi ruksa" amekosea vilevile.

Yapo na maneno mengine ya kuwekwa sawa. "Lazima nisafishwe kizazi." Si kila mtu. Kama kila kitu kimetoka na damu inapungua, hakuna cha kusafisha. Na wale wa kufukiza mvuke na kuuza mizizi ya kusafisha kizazi, tafadhali, waacheni na biashara yao.

"Vidonge vya dharura vinatoa mimba." Havitoi. Vinachelewesha yai kupevuka, ndiyo maana unavimeza mapema, ndani ya saa 72. Mimba ikishatunga havifanyi kitu.

"Mimba ikitoka, kizazi kinapumzika miezi mitatu." Yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili, kabla hujaona siku zako. Kwa hiyo simruhusu mama aondoke kabla hatujaongea uzazi wa mpango, na akitaka njia anaipata pale pale kitandani. Yule wa kanga tatu alichagua kijiti cha uzazi wa mpango, kile cha kuwekwa mkononi. Nilipokuwa namfunga bandeji mkononi, shangazi akasogeza kiti karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye kwa umri wake bado inafaa.