Sekunde 90 hupima milango, hazipimi abiria

Kanuni inayojulikana kuliko zote katika kazi yangu ni ile inayosema kwamba ndege ya abiria lazima iweze kubaki tupu ndani ya sekunde 90. Imezoeleka kiasi kwamba wengi huichukulia kuwa ahadi, wakiamini kwamba moto ukizuka leo, watu wote watakuwa nje kabla dakika mbili hazijatimia. Mimi ninayeshughulikia usalama wa chumba cha abiria siisomi hivyo. Sekunde 90 ni kipimo cha mtengenezaji: anathibitisha kwamba milango, ujia na miteremko ya kuteleza inayojaa hewa inatosha kwa idadi ya viti alivyovipanga. Kipimo hicho kina thamani kubwa, ila kinajibu swali moja, na maswali mengine yamebaki bila kipimo chochote.

Chanzo cha muda huo ni tabia ya moto. Marekani ilianza mwaka 1965 kwa kuyataka mashirika ya ndege yaonyeshe kwamba yanaweza kuwatoa abiria kwa dakika mbili, kisha mwaka 1967 muda ukashushwa hadi sekunde 90 na watengenezaji nao wakatakiwa kuthibitisha. Kanuni za Ulaya zinafuata kipimo hichohicho. Moto unaoingia ndani ya chumba kilichojaa viti, mapazia na plastiki hukusanya gesi za moto darini, na gesi hizo zikifikia joto fulani chumba kizima hulipuka kwa ndimi mara moja. Ndivyo ilivyokuwa Cincinnati tarehe 2 Juni 1983, pale ndege ya Air Canada yenye watu 46 ilipotua ikiwa imejaa moshi. Milango ilifunguliwa, hewa safi ikaingia, na katika muda usiozidi dakika moja na nusu hivi ndani kukawa hakukaliki; watu 23 walifariki. Taa za sakafuni zinazowaonyesha abiria njia wanapotambaa chini ya moshi, pamoja na vitambaa vya kuzuia moto ndani ya mito ya viti, viliwekwa kuwa vya lazima katika miaka hiyo.

Masharti ya jaribio lenyewe yanafaa kutajwa, kwa sababu ubishi wote umejificha humo. Linahusu ndege zenye viti zaidi ya 44. Abiria hujaa, taa za kawaida huzimwa ili giza liwe kama la usiku, na ni nusu tu ya milango inayotumika, bila wahudumu wala abiria kuambiwa mapema ni ipi. Angalau asilimia 40 ya abiria wawe wanawake, asilimia 35 wawe wamepita miaka 50, na wanasesere watatu wabebwe badala ya watoto wachanga. Mablanketi, mito na mizigo midogo hutawanywa kwenye ujia ili kuwe na vikwazo. Katika hali hiyo, mwezi Machi 2006 mjini Hamburg, abiria 853 na wafanyakazi 20 walitoka ndani ya Airbus A380 kwa sekunde 78, wakitumia milango 8 kati ya 16. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima. Lakini watu hao walikuwa na afya njema, walijua wamekuja kwenye zoezi, hawakuwa na moshi machoni, na hakuna aliyekuwa anamtafuta mtoto wake safu tatu nyuma.

Tofauti iliyopo kati ya zoezi na tukio ilionekana waziwazi Manchester tarehe 22 Agosti 1985. Injini ya kushoto ya Boeing 737 ilipasuka ndege ikiwa kwenye mwendo wa kuruka, mafuta yakawaka, na ndege ikasimama upande ambao upepo uliusukuma moto kwenye mwili wake. Abiria aliyekaa kando ya dirisha la dharura juu ya bawa la kulia alivuta kwanza mkono wa kiti akidhani ndio unaofungua. Mwenzake alipofikia mpini halisi, dirisha hilo lenye uzito wa kilo 22 hivi liliangukia ndani na kumbana kitini, na ilibidi wengine walinyanyue huku foleni ikizidi kusukuma. Watu 55 kati ya 137 walifariki, wengi wao kwa kuvuta moshi. Katika Boeing 737 za vizazi vilivyofuata dirisha hilo lina bawaba juu na hufunguka lenyewe kwenda nje, kwa hiyo abiria habebi chochote.

Baada ya ajali hiyo Profesa Helen Muir na wenzake wa Cranfield, Uingereza, walifanya jambo ambalo jaribio rasmi halijawahi kulifanya: waliwaahidi pauni 5 za ziada wale wa nusu ya kwanza kutoka. Fedha hizo kidogo zilitosha kubadili mwenendo. Watu walipanda migongo ya viti, wakagongana kwenye nafasi nyembamba kati ya kuta za mbele, na kwenye dirisha la juu ya bawa wakakwama kwa sababu kila mmoja alitaka kupita kwanza. Matokeo hayo ndiyo yaliyotoa hoja za kupanua nafasi ya kulifikia dirisha la bawa. Kwa maoni yangu hakuna utafiti uliotufundisha zaidi kwa gharama ndogo kiasi hicho, na inasikitisha kwamba mbinu yake haikuingizwa kwenye kanuni.

Jambo ambalo ningeanza nalo kama ningepewa kalamu ya kuandika upya kanuni ni mizigo ya mkononi. Utafiti wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, uliotolewa mwaka 2000, uliangalia matukio 46 ya kuondoa abiria kwa dharura na kukuta kwamba karibu nusu ya abiria waliohojiwa walijaribu kuchukua mizigo yao. Tangu hapo picha za simu zimetuonyesha hali ileile mara nyingi, ikiwemo Dubai mwaka 2016, ambako abiria waliteremka na mabegi kutoka ndani ya ndege iliyokuwa ikiungua. Angalia vipimo: kanuni inaruhusu ujia uwe na upana wa inchi 15 tu, yaani sentimita 38, chini ya usawa wa mikono ya viti, na begi la kawaida la magurudumu lina upana unaokaribia sentimita 36. Anayelishusha kutoka kabati la juu anasimama ujiani akiwa amenyoosha mikono, na kwa muda huo safu zote zilizo nyuma yake zimesimama. Begi likifika mlangoni huteleza mbele ya mwenye nalo, humgonga aliyetangulia chini, na magurudumu au vyuma vyake vinaweza kuutoboa mteremko ambao abiria waliobaki bado wanautegemea.

Kuna wanaopendekeza faini. Sina imani nayo, kwa sababu anayekimbia moto hapigi hesabu za mahakama, na anayelichukua begi mara nyingi hajaamua kulichukua. Mkono umefanya ulichozoea kufanya kila ndege inaposimama. Pendekezo linalonivutia zaidi ni makabati yanayofungwa na wahudumu wakati wa kuruka na kutua, ingawa nalo lina hatari yake: abiria anayelivuta kabati lisilofunguka anaweza kuziba ujia muda mrefu kuliko ambaye angelifungua na kuondoka. Hilo linapaswa kujaribiwa na watu halisi, wakiwa na mabegi yao wenyewe yaliyo na simu, dawa na pasipoti zao, kabla yeyote hajaliandika kwenye sheria. Kwa sasa nawashauri abiria wavae mwilini hati na dawa wakati wa kuruka na kutua, kwa kuwa hofu ya kupoteza vitu hivyo ni ya haki kabisa.

Suala la pili ni muda unaopita kabla saa ya jaribio haijaanza kuhesabu. Katika zoezi kuna ishara moja na kila mtu anainuka. Katika tukio halisi lazima mtu aamue kwamba ndege iondolewe watu, ahakikishe injini zimezimwa, na amri imfikie mhudumu wa mwisho. Chicago, Oktoba 2016, injini ya kulia ya Boeing 767 ilipasuka ndege ikiwa mbioni kuruka, na abiria wakaanza kutoka upande wa pili huku injini ya kushoto bado inazunguka. Abiria mmoja aliangushwa na upepo wake na kuumia vibaya. Wachunguzi walikuta mawasiliano mabovu kati ya marubani na wahudumu, akiwemo mhudumu aliyeshindwa kuitumia simu ya ndani kwa sababu ya muundo wake.

Haneda, uwanja wa ndege wa Tokyo, Japani, tarehe 2 Januari 2024, ni upande wa pili wa somo hilo. Airbus A350 yenye watu 379 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani, ambamo watu watano kati ya sita walifariki. Ndani ya Airbus mfumo wa matangazo uliharibika, wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkononi na sauti zao, wakakataa kufungua milango iliyokuwa na moto nje, na wakatumia mitatu tu kati ya minane. Mhudumu wa nyuma aliufungua mlango wake kwa uamuzi wake mwenyewe baada ya kushindwa kuwapata marubani. Tangu mgongano hadi rubani mkuu kutoka akiwa wa mwisho zilipita dakika kama 18, na wote 379 walinusurika. Kwa saa ya jaribio wangekuwa wamefeli vibaya sana. Kilichowaokoa ni mwili wa ndege uliochelewa kuungua, abiria walioacha mizigo, na wahudumu waliofunzwa kuchagua mlango. Kati ya hayo matatu jaribio la sekunde 90 halipimi hata moja kikamilifu.

Kuhusu nafasi kati ya viti, ambayo ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, msimamo wangu huwaudhi baadhi ya wasomaji. Ndege ikijaa, foleni huundwa ujiani na mlangoni, hivyo abiria wa dirishani hungoja tu hata akiwa na nafasi ya kutosha miguuni. Majaribio ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, yaliyofanyika Oklahoma City kuanzia mwishoni mwa 2019 yakiwa na washiriki 775, hayakuona kwamba viti vilivyobanana vilichelewesha kutoka. Hata hivyo washiriki walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 60 na bila ulemavu. Mzee wa miaka 75 mwenye magoti mabovu, au mtu mnene asiyeweza kuinama kujikinga ndege inapogonga, hakuwemo, na kwake yeye sentimita chache zinaweza kuwa na uzito mwingine kabisa.

Jibu rahisi lingekuwa kuwaweka watu hao kwenye majaribio, lakini majaribio yenyewe huumiza. Katika zoezi la ndege ya MD-11 huko California mwaka 1991 mshiriki mmoja alibaki amepooza, na hakuna kamati ya maadili itakayokubali kuwasukuma wazee na watoto gizani kwenye mteremko mrefu. Kwa hiyo njia iliyobaki ni programu za kompyuta za kuiga mwendo wa watu, kama airEXODUS ya Chuo Kikuu cha Greenwich, zikilishwa vipimo vilivyokusanywa kwa usalama: mzee hutumia muda gani kuinuka, mzazi mwenye mtoto husita muda gani mlangoni, anayetumia kiti cha magurudumu hufikaje kwenye mteremko na nani amsaidie. Kanuni tayari zinaruhusu uchambuzi uchanganywe na majaribio, na sheria ya Marekani ya mwaka 2024 imeitaka FAA ipitie upya dhana zake kwa kuzingatia umri, ulemavu, lugha na mizigo.

Programu hizo zinahitaji kumbukumbu za matukio halisi, na hapo ndipo tulipo nyuma zaidi. Matukio mengi ya kuondoa abiria hayaui mtu, kwa hiyo huishia kwenye ripoti fupi isiyosema mlango gani ulifunguliwa sekunde ya ngapi, wangapi waliupitia na nini kiliwachelewesha. Ningependa kila tukio la aina hiyo, hata lisilo na majeruhi, liandikwe kwa fomu moja katika nchi zote: saa ya amri, hali ya kila mlango, idadi ya mabegi yaliyotoka na abiria waliohitaji kubebwa.