Lipidi inayobadili chaji: sehemu ngumu zaidi ya dawa za mRNA

Chanjo za mRNA zikisifiwa, sifa zote huiendea mRNA. Mimi nashughulika na mafuta yanayoibeba, yaani lipidi, na naamini ugumu wenyewe uko huku. mRNA ni uzi mrefu wa maelekezo ya kutengeneza protini, nao una chaji hasi. Ukiudunga mtupu, vimeng'enya huukatakata upesi, na kipande kitakachosalimika hakipenyi utando wa seli.

Lipidi yenye chaji chanya ya kudumu huukamata uzi huo vizuri, lakini mwilini hunata kwenye protini za damu na kuumiza seli. Ndiyo maana tunatumia lipidi yenye kichwa cha amini, yaani kikundi chenye nitrojeni. Kwenye asidi hupokea protoni na kuwa chanya; kwenye damu, ambako pH ni 7.4, huiachia na kubaki karibu bila chaji.

Tabia hiyo tunaitumia mara mbili. Wakati wa kutengeneza, lipidi zilizoyeyushwa katika ethanoli hukutanishwa kwa kasi na mRNA iliyo kwenye maji yenye pH ya 4 hivi, zikashikana papo hapo. Kisha pH hupandishwa na chaji hufifia. Zinabaki chembe zenye kipenyo cha nanomita 100 hivi. Mara ya pili ni ndani ya seli. Seli huimeza chembe kwenye kifuko kiitwacho endosomu, na asidi ya kifuko huongezeka kadiri muda unavyokwenda. Lipidi hurudiwa na chaji, hujifunga na lipidi hasi za ukuta wa kifuko, ukuta huo huvurugika, na mRNA hupata upenyo wa kutoka.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea pKa, yaani pH ambayo nusu ya amini zimeshika protoni. Tunachopima ni pKa ya chembe nzima. Molekuli ikiwa peke yake majini hutoa namba iliyo juu zaidi, mara nyingi kwa vizio viwili au vitatu, kwa sababu amini zilizosongamana ndani ya mafuta hupokea protoni kwa shida. MC3, lipidi ya dawa ya patisiran iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ina pKa ya 6.44. ALC-0315, iliyo kwenye chanjo ya Pfizer na BioNTech, ina 6.09. pKa ikishuka mno, chaji huchelewa kurudi; ikipanda mno, chembe huwa chanya ingali kwenye damu.

ALC-0315 na SM-102 ya Moderna zina pia vifungo vya esta kwenye mikia yao mirefu ya mafuta, ambavyo vimeng'enya huvikata ili lipidi isikawie mwilini kama MC3. Kwa dawa ya kurudiwarudiwa, hilo nalipatia uzito sawa na pKa.

Kinachoniumiza ni kutoroka kwenye endosomu. Vipimo vilivyofanywa kwa siRNA, yaani RNA fupi za kuzima jeni, vilionyesha kuwa asilimia 1 hadi 2 tu ndiyo hufika nje ya kifuko. Kwangu, jitihada kubwa sasa ielekezwe kwenye mikia: mikia yenye matawi huipa lipidi umbo la koni, na umbo hilo huvunja ukuta wa endosomu kwa urahisi zaidi.