Ganzi ya kupaka: hesabu dakika kabla ya asilimia

Ganzi ya kupaka ni dawa ya kuzuia maumivu inayopakwa juu ya ngozi badala ya kuchomwa kwa sindano. Haimlazi mtu usingizi. Huziba vijia vidogo ambamo sodiamu huingilia kwenye mishipa ya fahamu, na mshipa uliozibwa hivyo hauwezi kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kusikia anaguswa au anavutwa lakini asisikie kuchomwa.

Hapa Dar es Salaam wengi hukutana nayo kwenye kutoa nywele kwa leza, kuchorwa tatuu, kuondolewa vinyama vya shingoni au kutoboa masikio. Mteja akifika dukani huuliza iliyo kali, yaani yenye asilimia kubwa ya dawa, ni ipi. Naona swali hilo limekosewa tangu mwanzo, maana kinachoamua zaidi ni muda.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa zilizopangana kama makuti ya paa, na kazi yake ni kuzuia vitu visipenye. Dawa haina budi kulivuka polepole. Mimi mwenyewe niliwahi kutolewa kinyama shingoni. Nilipakwa krimu, dakika kumi baadaye kazi ikaanza, nikasikia kila kitu. Nikailaumu dawa. Kumbe dawa ilikuwa nzima, ila haikuachiwa nafasi ya kushuka.

Inayojulikana zaidi ni krimu ya EMLA, yenye dawa mbili za ganzi: lidokeini asilimia 2.5 na prilokeini asilimia 2.5. Ubunifu wake unanivutia sana. Kila moja peke yake ni unga kwenye joto la kawaida, lakini zikichanganywa kwa kiasi sawa huyeyuka kwenye nyuzijoto 18 hivi na kuwa mafuta, na mafuta hupenya ngozi kwa wepesi zaidi. Hupakwa nene, hufunikwa kwa plasta ya plastiki, na kuachwa saa moja au zaidi. Baada ya saa moja ganzi hufika kina cha milimita 3 hivi. Baada ya saa mbili, milimita 5.

Ya pili ni jeli ya asilimia 4 ya tetrakeini, nayo ni dawa ya ganzi. Hii hutosha ikiachwa nusu saa kwa kutolewa damu, dakika 45 kwa kuwekewa mpira wa dripu, na ganzi yake hudumu saa 4 hadi 6. Tena hutanua mishipa ya damu, wakati EMLA huibana, jambo linalomsumbua muuguzi anayetafuta mshipa wa mtoto. Ubaya wake ni kwamba huleta mzio wa ngozi mara nyingi zaidi. Ipo pia lidokeini ya asilimia 4 iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta. Hiyo huchukua nusu saa na si lazima ifunikwe.

Sasa wale wanaotafuta asilimia kubwa. Dawa ikipenya ngozi haibaki hapo tu, nyingine huingia kwenye damu. Kadiri eneo lilivyo pana, ngozi ilivyochubuka, lilivyofunikwa kwa muda mrefu na mwili ulivyo na joto, ndivyo inavyoingia nyingi. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wanawake wawili vijana kufariki. Walikuwa wamejipaka krimu kali miguuni na kuifunika kwa plastiki kabla ya kutoa nywele kwa leza. Mwaka 2024 FDA ikaonya tena juu ya krimu zinazouzwa bila cheti cha daktari zikiwa na lidokeini kuzidi asilimia 4. Midomo ikianza kufa ganzi, masikio yakivuma au kizunguzungu kikija, futa dawa yote na uende hospitali. Hatua inayofuata inaweza kuwa degedege au moyo kupoteza mapigo yake.

Kwa watoto wachanga nina wasiwasi wa pekee. Prilokeini inaweza kuibadilisha hemoglobini ya damu isiweze kubeba oksijeni, na mtoto wa chini ya miezi mitatu hana kinga ya kutosha dhidi ya hali hiyo. Wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao si wachache ukanda huu wetu wa pwani, nao wamo hatarini, pamoja na wanaotumia dawa za jamii ya salfa kama Septrin au SP ya malaria. Mama anayempeleka mwanawe kutobolewa masikio amwambie mhudumu haya kabla tyubu haijafunguliwa. Mtoto akipakwa kisha midomo ikageuka rangi ya kijivu au samawati, mama asisubiri kesho.