Je, wajua kwa nini nyaya za hedifoni hukaa kimya hata zikigusishwa na pini mpya?

Hedifoni nyingi zinazopelekwa kwa mafundi wa simu, iwe Darajani mjini Unguja au Chake Chake kule Pemba, huwa spika zake ni nzima na kilichokatika ni waya shingoni mwa pini, pale unapokunjwa kila simu inapotiwa mfukoni. Pini mpya ya milimita 3.5 hutosha kuziponya, lakini anayejaribu mwenyewe humenya mpira, akakuta nyuzi nyembamba za rangi, akazigusisha na pini, na asisikie kitu.

Sababu ni kwamba rangi ile ni vanishi inayozuia umeme. Ili waya uwe mwembamba na laini, nyuzi za shaba hulazwa pamoja bila kila moja kuvishwa plastiki yake, na vanishi ndiyo inayozitenga. Kuikwangua kwa kisu hukata shaba. Ni bora kuizamisha ncha ndani ya tone la risasi ya kuchomelea iliyoyeyushwa kwa sekunde chache, mpaka igeuke rangi ya fedha. Nyuzi nyeupe za nailoni zilizosokotwa humo ni za kuimarisha waya tu, hivyo zikatwe.

Kwa kawaida nyekundu ni ya sikio la kulia, kijani au buluu ni ya kushoto, na yenye rangi ya shaba ni waya wa pamoja, unaorudisha umeme kutoka spika zote mbili. Hata hivyo, watengenezaji hawafuati wote desturi hiyo, na kwa maoni yangu rangi ichukuliwe kama dokezo, kipimo cha mita ya umeme ndicho kiamue. Tuseme kila spika ina ukinzani wa omu 32: nyaya mbili zitakazosoma takriban 64 ni za kushoto na kulia, kwa kuwa umeme umepita spika mbili kwa mfululizo, na uliobaki ni wa pamoja. Asiye na mita aguse nyaya mbili mbili kwa betri ya volti 1.5, kwa sekunde moja tu, hedifoni zikiwa karibu na sikio bila kuvaliwa, naye atasikia mlio mdogo upande unaohusika.

Ukiwapo waya wa nne, huo ni wa maikrofoni, na kwa kawaida kitufe kikibonyezwa kipimo kati yake na wa pamoja hushuka karibu na sifuri. Kwenye pini za simu nyingi za sasa, ncha ni kushoto, pete ya kwanza kulia, ya pili ni ya pamoja, na sehemu ya mwisho ni maikrofoni. Baadhi ya simu za zamani zilibadilishana hizo mbili za mwisho.

Baada ya kuchomelea, sikiliza wimbo wa taarabu uliorekodiwa kwa stereo. Ala zikisikika kwa mbali huku sauti ya mwimbaji imefifia, waya wa pamoja haujashika: spika zimebaki zikipokea tofauti tu ya kushoto na kulia, na sauti iliyowekwa katikati, ikiwa sawa pande zote mbili, imejifuta.