Kuwapa nafasi waendao kwa miguu Darajani si kuyaua maduka

Wengi huamini kwamba barabara ya Darajani, mjini Zanzibar, ikipunguziwa magari, biashara itakufa. Dhana hiyo si sahihi. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejaa vichochoro visivyopitika kwa gari, na bado maduka yake ya chini, yenye makaazi juu, huuza kutwa. Apitaye kwa miguu huziona kanga zilizotundikwa mlangoni, husimama, hupatana bei, jambo ambalo aliye ndani ya gari hawezi. Wala kupanga upya si kufunga: daladala hubakishiwa njia, mizigo hushushwa alfajiri, na miti hupandwa, nami hili naliona kubwa kuliko yote, kwani bila kivuli, kwa jua letu la mchana, hakuna atakayetembea.