Ulinganuzi katika ushairi: mwanakondoo na chui milia

Ulinganuzi ni mbinu ya mshairi kukutanisha vitu viwili vinavyotofautiana, kila kimoja kikamulika kingine. Wanafunzi wengi wakiulizwa habari yake hukimbilia sifa: huyu mpole, yule mkali. Sifa zina sehemu yake, lakini ndogo. Mnyama wa kwenye shairi hujengwa zaidi kwa sauti, mizani na namna anavyoulizwa maswali.

Tumchukue William Blake, mshairi na mchonga nakshi wa London. Mwaka 1789 alitoa shairi la mwanakondoo, na mwaka 1794 akalipatia mwenzake, la chui milia.

La mwanakondoo lina beti mbili tu. Mtoto anamuuliza mnyama: nani aliyekuumba? Ubeti wa pili anajibu mwenyewe: aliyekuumba naye anaitwa Mwanakondoo. Aliyezoea Biblia ya Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hapo: ni Yesu. Sauti ya l inajirudia kama wimbo wa kubembelezea, mtoto anambariki mnyama, shairi linatulia.

Kwa chui hakuna utulivu. Beti sita za mishororo minne minne, na karibu zote ni maswali. Nyundo gani? Mnyororo gani? Ubongo wako ulitoka tanuri gani? Fuawe gani? Hajibu mtu. Maswali ni mafupi, yanagonga kama mhunzi aliye kazini, hata unahisi mnyama huyu hakufinyangwa, alifuliwa. Na ukisoma polepole utaona kwamba chui mwenyewe hafanyi lolote: harukii, hangurumi, hali mtu. Kutisha kwake kote tunakupata kwenye karakana alikotengenezewa. Kwangu mimi, huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote humo.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji hulipita. Hesabu silabi. Mishororo ya katikati ya ubeti wa kwanza wa mwanakondoo ina silabi saba, mkazo ukianzia silabi ya kwanza. Mishororo mingi ya chui nayo ni hivyo hivyo: Ty-ger, Ty-ger, burn-ing bright. Neno hilo la mwisho, bright, limo pia kwenye shairi la mwanakondoo, na huko pia limekaa kwenye kina cha mwisho. Kule ni manyoya laini yanayong'aa. Huku ni mnyama anayewaka usikuni. Neno ni lile lile, mapigo ni yale yale. Wanyama hawa wanashtuana hivyo kwa sababu wamejengwa juu ya kiunzi kimoja. Bila kiunzi hicho yangebaki mashairi mawili yasiyojuana.

Ndiyo maana swali la ubeti wa tano linauma: aliyemuumba mwanakondoo ndiye aliyekuumba wewe? Baada yake ubeti wa kwanza unarudi karibu neno kwa neno. Mwanzoni mshairi aliuliza ni nani angeweza kumuumba chui huyu. Sasa anauliza ni nani angethubutu.